Kilo Moja ya Gunia

Tulipomzika Kogo Rael, nyanya yangu, hatukuweza hata kukubaliana juu ya umri wake. Karatasi ya mazishi iliandika miaka themanini na tatu, mjomba wangu akasimama na kusema ni themanini na sita, na mzee mmoja wa kanisa, ambaye mwenyewe si kijana, akasema kwamba alipokuwa mtoto alimkuta Kogo tayari ni mtu mzima mwenye viatu. Kila aliyepewa kipaza sauti alimsifu kwa yale yale: kwamba alikuwa nesi, kwamba nusu ya watu waliokaa chini ya hema walipokelewa duniani na mikono yake, kwamba alikuwa mpole na mwenye maneno machache. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikasikiliza, na hasira ikaanza kunipanda polepole, kwa sababu walikuwa wanamzika nyanya ambaye mimi sikuwahi kuishi naye. Kogo niliyemjua mimi alikuwa kichwa ngumu. Akishaamua jambo unaweza kulia, unaweza kununa, unaweza kumwitia pasta. Atakumiminia chai na kuendelea na shughuli zake. Hakuna hata mmoja aliyetaja mwaka ule wa mizani. Nikasema moyoni, kama wao hawausemi, basi nitauandika mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yalikuwa yametoka na hayakumfurahisha mtu, nikatumwa kwa Kogo "nikamsaidie kidogo", maneno ambayo kwetu husemwa juu ya msichana ambaye watu wazima bado hawajajua wamfanye nini. Aliishi peke yake juu ya kilima, si mbali na soko la Kiptere, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili na jiko lililojitenga nyuma. Sebuleni viti vilivikwa vitambaa alivyoshona mwenyewe, na ukutani kulikuwa na kalenda za miaka mingi iliyopita ambazo hakuzitoa kwa sababu, alisema, picha zake zilikuwa bado nzuri. Yunifomu yake nyeupe ilikuwa na msumari wake nyuma ya mlango, na kila asubuhi aliinyoosha kwa pasi ya makaa hata kama hakuivaa tangu aipige pasi jana. Jikoni ndiko tulikoishi hasa. Vibuyu vya mursik vilining'inia juu ya meko, na jioni alinikatia ugali, akaweka mboga za saga zilizochemshwa kwa maziwa, kisha akatikisa kibuyu na kunimiminia maziwa yale mazito yenye rangi ya majivu bila kuniuliza kama nayataka. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi na spiriti kwa pamoja, mate hunijaa mdomoni. Nguo zake zilinukia hivyo.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na zahanati aliyoihudumia ilikuwa chini tu ya nyumba yake: chumba cha dawa, chumba chenye kitanda cha kujifungulia kilichotandikwa blanketi jekundu, na kibaraza chenye benchi refu. Benchi lile lilikuwa tupu karibu kila siku. Siku moja mwezi wa pili alikuja bwana mmoja wa afya kutoka mjini, mwenye koti la kahawia na viatu visivyopenda matope yetu. Mimi nilikuwa nje nikifuta madirisha, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Sista, hapa hakuna watu," bwana yule alisema.

"Watu wapo."

"Wako wapi?"

"Wanachuma chai."

Akacheka kidogo, kwa adabu. Akaeleza kwamba yeye hana ubaya na mtu, lakini zahanati isiyokuwa na akina mama na watoto haiwezi kupewa nesi mwingine Kogo akistaafu. Mwisho wa mwaka mlango utafungwa, na kitanda na kijisanduku cha chanjo vitapelekwa kwingine vinakohitajika. Kogo hakubishana naye. Alimpa chai, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi akakaa kwenye lile benchi tupu na kulipapasa kwa kiganja kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe anayefikiria kumuuza. Nilidhani amekata tamaa. Nilikuwa bado simjui.

Usiku wa siku ile, tukila, aliniuliza: "Chepkoech, lori la majani linakuja saa ngapi?"

"Linatakiwa saa nane, Kogo."

"Sijakuuliza linatakiwa. Nimeuliza linakuja."

"Saa kumi na moja. Siku nyingine giza linaingia."

"Na akina mama wanafanya nini hapo tangu saa nane?"

"Wanakaa tu. Wanangoja."

"Basi wangoje na mimi," akasema, na akanisukumia bakuli la mboga.

Hilo lilikuwa jambo ambalo kila mtu kilimani alilijua na hakuna aliyewahi kulifikiria. Kliniki ya watoto ilikuwa Jumanne, na Jumanne ilikuwa siku ya kuchuma. Hakuna mwanamke wa kwetu angeacha majani yakomae shambani ili akakae kwenye benchi. Lakini mchana, majani yakishachumwa, wanawake wote walikuwa mahali pamoja: kwenye kituo cha kununulia chai, banda la mbao lililoezekwa bati kando ya barabara, wakiwa wamekaa juu ya magunia yao, wakifuma sweta na kumlalamikia dereva ambaye hakuwepo kusikia. Kogo aliandika barua ya kuhamisha benchi, hakungoja jibu, akawatumia akina mama habari waje na watoto na kadi zao, na Jumanne iliyofuata mimi na yeye tulilibeba benchi lile barabarani, yeye mbele na mimi nyuma, watu wakitutazama kutoka mashambani.

Karani wa kituo aliitwa Ouma. Kwao kulikuwa upande wa ziwa, lakini alikuwa amekaa kwetu miaka mingi, akipanga chumba nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na alikisikia Kikipsigis chetu vizuri kuliko alivyokubali kukizungumza. Alikuwa mtu mwenye sauti. Kazi yenyewe ilimtaka awe nayo, maana mkulima aliyesimama mwisho wa foleni alitaka kusikia kilo zikisomwa, asije akaambiwa mengine baadaye. Mizani ya kupimia watoto ya zahanati ilikuwa imekufa springi, na mpya iliyoahidiwa haikuwa imefika wala haikuwa na dalili ya kufika. Kwa hiyo Kogo akautazama uso mkubwa wa mizani ya Ouma, mviringo kama saa ya ukutani, iliyoning'inia kwenye boriti na kulabu chini yake.

"Sista, hapana," Ouma akasema kabla hajaulizwa. "Hii ni ya majani."

"Na hawa watoto wamelala kwa majani tangu wazaliwe. Kwani utapungukiwa na nini?"

"Mtoto akikojoa?"

"Nitapanguza mimi."

Tulichukua gunia jipya, Kogo akalichemsha na kulikata matundu mawili ya miguu, na watoto wakaanza kutundikwa mmoja mmoja, wakipiga mateke hewani. Hakuwa na haja ya gramu, aliniambia. Alitaka tu kujua ni nani anapanda na ni nani anashuka. Uso wa mizani ulielekea meza ya karani, basi Ouma akasoma, mimi nikaandika kwenye kadi, na Kogo akakaa pembeni na kijisanduku chake akidunga chanjo. Ouma alisoma kama alivyozoea kusoma. "Kilo saba!" alinguruma. "Kilo sita na nusu!" Nakumbuka wanaume waliokuwa kwenye kinu upande wa pili wa barabara wakigeuka kutazama. Nakumbuka pia jinsi wanawake walivyonyamaza kidogo kidogo, na nikadhani wamechoka. Jioni tulirudi na benchi letu, Kogo akiimba wimbo wa kanisa kwa pua, maana watoto wengi kuliko wa miezi mitatu yote walikuwa wamepata sindano mchana mmoja.

Kesho yake nilikwenda kusaga mahindi. Mashine ikizimwa kati ya mteja na mteja, watu hujisahau na kuendelea kuzungumza kwa sauti ile ile ya kushindana na mashine, na ndivyo nilivyosikia.

"Wangu mstari umeanguka."

"Hata wangu. Mara ya mwisho ulikuwa juu hapa, sasa ona."

"Wote wameanguka. Ni macho ya watu. Mtoto anatundikwa mbele ya kila mtu, kilo zake zinatangazwa kama ni za kuuzwa."

Mstari huo ulikuwa ule wa kwenye kadi ya kliniki, ambao hupanda mtoto akinenepa. Wanawake ambao hawakujua kusoma walijua kuusoma mstari huo. Na kwetu, ambako wazazi wakiulizwa wana watoto wangapi hutazama pembeni na kusema "tuko nao tu," hakuna mtu mwenye akili angehesabu kilo za mtoto kwa sauti barabarani. Nilibeba unga wangu nikarudi mbio kumwambia Kogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama unga ulikuwa laini.

Jumanne iliyofuata wanawake walikuja na magunia yao kama kawaida, wakatusalimia vizuri, wakatuuliza habari za nyumbani. Hawakuja na mtoto hata mmoja. Kogo alikaa pembeni ya kijisanduku chake, mgongo umenyooka, mchana kutwa. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Lori lilipokaribia, Ouma akaanza kupima, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine Kogo akaja kusimama karibu na meza nilipokuwa nikitundika majani yetu wenyewe. Mshale wa mizani ulisimama kwenye kumi na tano.

"Kumi na nne!" Ouma akaita.

"Mshale unasema kumi na tano," Kogo akasema.

"Ni ya gunia, Sista. Kila gunia natoa moja. Majani yana maji, gunia lina uzito wake."

Sote tulikuwa tumeisikia kilo ile ikitolewa maisha yetu yote, na ndiyo sababu hakuna aliyeisikia. Kogo akautazama tena mshale. Kisha akauliza, taratibu kabisa: "Na watoto, Ouma? Nao uliwatoa gunia?"

Kalamu ya Ouma ilisimama. Alitazama kulabu, akatazama mikono yake. "Mama," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo, "ni mkono tu umezoea."

Ungefikiri mambo yangeishia hapo. Kosa limejulikana, maelezo yapo, watu wataelewa. Siku hizi mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Sigor, na nimeshawaona vijana wengi wenye vyeti wakiamini kwamba mtu akielezwa jambo vizuri basi kazi imekwisha. Mimi niliacha kuamini hivyo mwaka ule. Wiki nzima Kogo alipita nyumba kwa nyumba akitoka kazini, mimi nikimfuata. Kila nyumba tulipewa chai. Kila nyumba walitikisa kichwa, wakasema aa, kumbe ni gunia, wakacheka na sisi. Kwetu mtu hakukatalii usoni. Lakini hakuna aliyesema "tutakuja".

Aliyesema ukweli alikuwa Bot Chelangat, yaani mama Chelangat. Alikuwa rika la Kogo, waliolewa kilimani mwaka mmoja, na mke wa mwanawe mdogo, Emili, alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Kibet. Tuliketi jikoni kwake, kwenye vigoda, akatumiminia mursik na kumngoja Kogo anywe kwanza.

"Rael, kunywa," akasema. "Mimi na wewe hatuna ugomvi. Sindano sijakataa. Lakini mjukuu wangu hatundikwi tena pale. Huyo karani amepiga kelele kilo za mtoto mpaka wanaume wakasikia, na siku hiyo hiyo mstari ukaanguka. Sasa unataka nifikirie nini?"

"Fikiria kwamba karani alikosea. Alitoa kilo ya gunia."

"Akikosea majani tunanyamaza. Mtoto siyo majani."

Nyuma ya pazia mtoto akakohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, kikafuatwa na kingine. Kogo akageuza kichwa.

"Ni Kibet huyo? Niletee nimwone."

"Amelala," Bot Chelangat akasema.

Pazia la nyumba ya mtu halivukwi. Kogo alimaliza maziwa yake, akashukuru, tukatoka. Tulipofika kwenye njia ya kati ya miti ya chai alisimama, akanigeukia.

"Umesikia kile kikohozi?"

"Nimesikia."

"Kadi zote zinasema watoto wamekonda. Ukirudisha ile kilo, wengi watakuwa sawa. Lakini kati yao kuna mmoja amekonda kweli, au wawili, na mimi sitawajua, kwa sababu kadi zote zinadanganya pamoja." Akaanza kutembea tena, kwa kasi, mimi nikikimbia nyuma. "Huyu Bot Chelangat nusu ya maneno yake ni kweli. Hiyo nusu nitampa. Ile nyingine hanipati ng'o."

Asubuhi ya Jumanne alikuwa akipiga pasi yunifomu yake nilipoamka. "Chepkoech," akaniita, "niletee ile suruali yako ya michezo."

"Ya nini, Kogo?"

"Nimekuomba suruali, sijakuomba maswali."

Aliivaa ndani ya yunifomu, miguu imekunjwa juu isionekane, akafunga mkanda wake, akavaa kofia, tukabeba benchi. Alinipa na leso mpya kubwa, ya rangi ya chungwa, niifunge kiunoni. Kituoni wanawake walikuwa wameshakaa. Hawakuja na watoto, ila wachache waliokuwa na wanaonyonya mgongoni, na mmoja wao alikuwa Emili, aliyekaa nyuma kabisa karibu na mama mkwe wake. Kogo hakukaa hata kidogo, alinikabidhi kijisanduku. Alivuka barabara mpaka kwenye kinu, akapanda mizani ya chini ya kupimia mahindi, na kwa sauti ambayo sikujua anayo akamwambia mwenye kinu asome.

"Sabini na mbili, Sista," yule mtu akasema, akiona haya kuliko yeye.

"Mmesikia? Mimi Rael, kilo sabini na mbili. Tangazeni mpaka Kipkelion."

Mwanamke mmoja akacheka na kujiziba mdomo. Kogo akavuka barabara tena, akamkuta Ouma amesimama, akashika kulabu ya mizani ya majani kwa mikono miwili, akakunja magoti. Viatu vyake vyeupe viliondoka ardhini. Boriti ililia. Nyanya yangu, nesi wa serikali, mjane, mama wa kanisa, alining'inia pale katikati ya banda, suruali yangu ya buluu ya michezo ikichungulia chini ya yunifomu, na wanawake wote wakasimama kwa pamoja.

"Soma," akasema, meno ameyakaza. "Soma kama ulivyosomea watoto."

Ouma alikuwa amelowa jasho. "Sabini na mbili," akasema. "Natoa ya gunia. Sabini na moja."

Kogo akashuka. Akajipangusa mikono kwenye yunifomu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Nimekonda kilo moja nikivuka barabara," akawaambia. "Nani amenitazama vibaya? Aje tuongee."

Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka nyuma. Wanawake walishikana mabega, wengine wakakaa chini tena kwa kukosa nguvu. Mimi nilikuwa nalia, sijui kwa nini. Kogo peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Bot Chelangat, na Bot Chelangat, ambaye pia hakucheka, alikuwa akimtazama yeye.

"Hapa ulisema kweli," Kogo akamwambia mbele ya watu wote. "Mtoto siyo majani. Sikupaswa kumweka kwenye gunia, na hatatangazwa tena. Atapimwa kwa leso, ndani ya banda, Ouma anageukia ukuta. Mshale nitausoma mimi, na nitamwambia mama yake sikioni. Nimekosa hapo. Lakini nimpime, Bot Chelangat. Nakuomba."

Sijawahi kumsikia akiomba kabla ya siku ile wala baada yake. Kibet akakohoa mgongoni mwa mama yake. Bot Chelangat akamgusa Emili begani. "Mpe," akasema. "Lakini usimtaje kwa sauti."

Tulifunga leso kwenye kulabu. Ouma aligeuka akaukazia ukuta macho kama mtoto aliyeadhibiwa. Kogo akausoma mshale, akachukua kadi ya Kibet, akairudisha ile kilo moja kwa kichwa, na niliona uso wake ukibadilika. Hata kilo ikirudi, mstari wa Kibet ulikuwa umeanguka. Akamvua mtoto shati, akaweka sikio kifuani kwake, akatazama mbavu zikivutwa ndani kwa kila pumzi. Akanong'ona na Emili kwa muda mrefu. Emili alikuwa akichuma tangu alfajiri na kumwacha mtoto na uji mwepesi, na kikohozi alikidhani cha baridi. Lori lilipofika, limechelewa kama siku zote, Kogo alimpa mtoto sindano ya kwanza ya dawa, akasimama mbele ya lori mikono kiunoni, akamwambia dereva kwamba leo atabeba majani na hospitali kwa pamoja. Emili na mtoto walikaa mbele. Bot Chelangat, aliyekataa kabisa kuachwa, alipanda juu ya magunia nyuma, akakaa amejifunga shuka kichwani, na lori likashuka kilima naye akiwa ameshikilia kamba.

Ilikuwa nimonia. Walikaa hospitalini wiki mbili, na aliporudi Kibet alikuwa na sauti ya kulia inayofika barabarani. Baada ya hapo hatukuhitaji kumwita mtu. Bot Chelangat alikuwa wa kwanza kufika kila Jumanne, na akiona mama kijana amekuja bila mtoto alimrudisha nyumbani kumchukua. Yule bwana wa koti la kahawia alipokuja tena mwezi wa kumi na moja, alikuta zahanati imefungwa kufuli na akaanza kutikisa kichwa. Nilimpeleka kituoni kwa miguu. Alisimama pale akitazama foleni ya leso za rangi zote, akaninong'oneza: "Huyu mama ni mtu wa aina gani?" Nikamwambia ni nyanya yangu. Mlango haukufungwa. Kogo alistaafu mwisho wa mwaka, akaletwa nesi mwingine, kijana mzuri kutoka Bomet, na Jumanne ya kwanza yule kijana alimkuta Kogo amekwishakaa kituoni na leso ya chungwa mapajani, amestaafu kwa kila kitu isipokuwa kwa kwenda. Aliendelea kwenda mpaka magoti yalipokataa, na hiyo ilikuwa miaka mingi sana.

Mimi sikuwa nesi. Damu inanizungusha kichwa mpaka leo, na Kogo alilijua hilo kabla yangu. Lakini miaka michache iliyopita walipotaka kuifunga shule yangu kwa sababu wanafunzi ni wachache, sikuandika barua ya kulalamika. Niliuliza watoto wako wapi mchana, nikaenda huko walipo. Shule iko wazi. Hilo nilijifunza kwa mtu aliyening'inia, na nasikitika kwamba sikumwambia.

Hotuba zilipokwisha siku ya mazishi, wanaume wakanyanyua jeneza. Mbele, upande wa kulia, alikuwa Kibet, ambaye sasa ni baba wa watu na mrefu kuliko mlango wa nyumba ya Kogo. Walikuwa wamepiga hatua chache tu pale mzee mwenye fimbo alipojitokeza pembeni, akamgusa Kibet mkono, akaomba ampokee mahali pake kidogo. Alikuwa Ouma. Nilijua amezeeka, sikujua amezeeka hivyo. Mjomba alitaka kukataa, akiogopa mzee ataanguka, lakini Kibet akampisha, akabaki nyuma yake ameshika mpini pamoja naye, mkono juu ya mkono. Nilikwenda upande wao nikachukua ile fimbo. Wakatembea polepole, wakapita kando ya miti ya chai, mpaka penye udongo. Walipolishusha jeneza Ouma alikuwa anahema, macho yamejaa. Aliligusa kwa kiganja, kisha akanigeukia, na kwa sauti ndogo, sauti ambayo miaka yote ile hakuitumia kwenye mizani, akaniambia:

"Huyu sijamtoa kitu, Chepkoech. Huyu nimembeba mzima."

Nikampa fimbo yake, tukasimama pamoja mpaka kaburi likajaa.